Semista ya Ujerumani inaanzia mlangoni kwa mkuu wa idara

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sosholojia mwaka wa pili hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, kwetu ni Kondoa. Nimechaguliwa kwenda kusoma semista moja Ujerumani kuanzia Oktoba kwa ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Mama ana wasiwasi nitachelewa kuhitimu, na kila siku ananiuliza nani atanipokea huko. Wenzangu wa hosteli wao wanasema ukifika usirudi. Mimi ninachoogopa ni masomo yenyewe, baridi, chakula na swala, na sijui boom langu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, litakuwaje. Je, niende? Na nikienda nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Niseme mapema ili usisome haya yote roho ikiwa juu: nenda.

Lakini katika yote uliyoandika, swali zito ni la mama yako, na wanafunzi wengi ninaowashauri huliuliza mwisho kabisa, tiketi ikiwa imeshakatwa. Mwanafunzi wa kubadilishana anayechelewa kuhitimu mara nyingi hakufeli huko alikokwenda. Alisoma, akafaulu, akarudi na karatasi yake ya matokeo, na karatasi ile ikakosa pa kuingia kwa sababu idara yake haikuwa imekubali mapema kuyapokea masomo yale. Hapo ndipo mtu anaporudia semista nzima na wenzake wameshavaa joho. Ndiyo maana nakuambia uanzie mlangoni kwa mkuu wa idara yako, wiki hii, kabla hujaulizia bei ya koti.

Erasmus+ ina hati ya makubaliano ya masomo. Inasainiwa na watatu: wewe, chuo chako, na chuo kinachokupokea. Upande mmoja yanaandikwa masomo utakayosoma kule, upande wa pili masomo ya hapa yatakayohesabiwa kuwa umeyasoma. Wanafunzi huujaza upande wa kwanza kwa furaha, maana unavutia, na ule wa pili wakaufanya wa kubahatisha. Fungua prospektasi yako, ukurasa wa mwaka wa tatu semista ya kwanza, utenge masomo ya lazima na ya kuchagua. Ya kuchagua hayana ubishi mwingi. Ya lazima ndiyo yenye kazi, kwa sababu hutapata somo lenye jina lilelile. Usitafute jina, tafuta yaliyomo. Chapisha mpango wa somo la hapa na wa somo la kule, uziweke karatasi mbili pamoja, umpelekee mwalimu anayefundisha somo hilo, umuombe aandike mstari mmoja kwamba analikubali badala ya lake, asaini na kuweka tarehe. Likibaki somo la lazima lisilo na mwenzake, ulizeni mapema kama unaweza kulisoma semista ya pili au kulifanyia mtihani ukirudi.

Kuna jibu moja utakalopewa kwa upole na tabasamu: "Wewe nenda tu, ukirudi tutaona." Shukuru, halafu uombe liandikwe. Aliyekuambia hivyo huenda mwezi Machi mwenyewe yuko masomoni, au kiti cha ukuu wa idara amekikalia mwingine asiyekujua.

Upande wa krediti hesabu si ngumu. Kwetu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka ni 60. Kwa hiyo krediti 30 za semista yao zinasimama mahali pa 60 za hapa, moja yao kwa mbili zetu. Wengine hubeba 30 kamili kwa hamu. Kama idara imekubali kufidia masomo manne tu, chukua yale manne na moja la nyongeza la kuchangamsha akili, basi.

Alama nazo zina mtego. Hapa GPA, yaani wastani wa alama, inapanda hadi 5.0, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Ujerumani mambo yamegeuzwa: 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu, na 5.0 ni kuanguka. Ukirudi na 1.3, karani asiyeelezwa atakupa pole, na aliyerudi na 4.0 anaweza kupongezwa. Wajerumani wenyewe hubadilisha alama za wageni kwa kanuni moja ya hesabu inayotazama alama ya juu na alama ya mwisho ya kufaulu ya nchi unakotoka. Kwa kanuni hiyo GPA ya 4.0 ya hapa, ambapo juu ni 5.0 na mwisho wa kufaulu ni 2.0, inakuwa 2.0 kule. Sasa wewe unataka safari ya upande wa pili, alama za kule kuingia hapa. Omba idara ikupe jedwali watakalotumia kabla hujaondoka, au waandike wazi kwamba masomo yataingia kama "amefaulu" bila kugusa GPA. Ukiwa na GPA nzuri na hujiamini na mfumo mgeni, hilo la pili lina faida yake.

Jambo lingine ambalo halimo kwenye vipeperushi vyao. Semista ya baridi ya Ujerumani kwa kalenda inaanza tarehe 1 Oktoba na kuisha 31 Machi, lakini vipindi vinaanza katikati ya Oktoba na kukoma karibu katikati ya Februari. Kwenye fani kama yako masomo mengi hayana mtihani wa kukaa. Yanapimwa kwa insha ndefu wanayoiita Hausarbeit, kurasa 12 au 15, inayokabidhiwa Machi, na mwalimu huisahihisha kwa wakati wake. Wewe umesharudi Dodoma, semista ya pili imeanza, alama hazijafika, na kwenye matokeo yako pameandikwa kwamba hayajakamilika. Unapochagua masomo, uliza kila moja linapimwaje. Chagua yenye mtihani wa Februari kadiri uwezavyo. Kwa yale ya insha, mwandikie mwalimu mwezi Oktoba uleule kwamba unaondoka mwisho wa Februari, mkubaliane tarehe ya mapema. Wengi hukubali wakiambiwa mapema. Wakiambiwa Februari hukunja uso.

Angalia pia field. Wewe unamaliza mwaka wa pili, kwa hiyo mafunzo kwa vitendo yanakusubiri wakati wa likizo ndefu, na huko unatakiwa kufika mwishoni mwa Septemba kwa wiki ya kuwapokea wageni. Ripoti ya field usiipakie kwenye begi. Imalize na uikabidhi kabla ya kuondoka.

Hakikisha vilevile kwamba mfumo wa chuo unakuonyesha kuwa mwanafunzi aliyesajiliwa aliyeko nje kwa kubadilishana. Kuna watu huambiwa "jaza fomu ya kuahirisha" kwa sababu ndiyo iliyo karibu mezani. Kuahirisha ni kitu kingine kabisa, na matokeo yake utayaona kwenye boom kabla ya kuyaona mahali pengine.

Tukifika kwenye hilo boom: fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo husainiwa na mwanafunzi aliyesajiliwa. Nenda dawati la mikopo la chuo kabla ya mitihani ya semista hii ukiwa na barua ya ufadhili, useme wazi una fedha nyingine kwa miezi hiyo, uombe jibu la maandishi. Usimwachie mwenzako simu na namba ya siri akusainie. Nimeona urafiki wa chumba kimoja ukiishia hapo. Bajeti yako ipange kana kwamba boom halitakuja.

Na bajeti yenyewe inapangika. Ufadhili wa Erasmus+ kwa mwanafunzi anayetoka huku kwenda Ulaya huwa kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi, na ada ya masomo hulipi kule. Kwenye hizo, chumba cha bweni la wanafunzi kinaanzia yuro 250 hivi na kupanda kwenye miji ghali kama München. Bima ya afya ni lazima, na ile ya umma kwa wanafunzi ni kama yuro 140 au zaidi kidogo kwa mwezi. Kinachobaki kinatosha kula vizuri ukipika mwenyewe. Kinachowaumiza watu ni wiki za mwanzo, maana mwenye nyumba anataka amana, benki inataka uwe na anuani, na fedha ya ufadhili inataka akaunti ya benki. Uliza lini awamu ya kwanza inaingia na inaingia wapi. Kama ni baada ya kufika, ukoo uchangie mkopo mdogo wa kukuvusha mwezi mmoja, urudishwe ufadhili ukiingia.

Pasipoti anza nayo sasa. Maombi unajaza kwenye mtandao wa Uhamiaji, unahitaji kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na vya wazazi au kiapo, pamoja na barua ya chuo inayoonyesha sababu ya safari. Gharama ni shilingi 150,000. Angalia herufi za majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanaidi na cheti cha kidato cha nne kikisema Mwanahidi, hiyo h moja itakurudisha RITA, wanakotoa vyeti vya kuzaliwa, siku ambayo huna muda wa kwenda RITA.

Visa yako si ile ya utalii. Unakaa zaidi ya siku 90, kwa hiyo ni visa ya kitaifa ya Ujerumani, na inaombwa ubalozini kwao, Umoja House, Dar es Salaam. Miadi hujaa, ombeni miezi mitatu kabla au zaidi. Wanafunzi wa kujilipia hutakiwa kuonyesha akaunti iliyofungiwa yenye yuro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa mwaka 2024, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Wewe barua ya ufadhili inasimama badala yake, mradi inataja kiasi cha kila mwezi, miezi mingapi, na nani anayelipa. Kama haitaji, irudishe waiandike upya kabla ya siku ya miadi. Ada ya visa ni yuro 75, ingawa wenye ufadhili wa fedha za umma mara nyingi husamehewa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya ubalozini imekuwa nyepesi, lakini usipange kushuka kwenye treni asubuhi ileile ya miadi. Lala Dar kwa ndugu.

Dirishani utaulizwa mambo mepesi: unakwenda kusoma nini, kwa nini chuo kile, ukirudi utafanya nini. Jibu kwa maneno yako, kwa ufupi. Ile hati ya makubaliano ya masomo iliyosainiwa na pande tatu itakusemea hapa pia, maana mwenye semista ya pili inayomsubiri na utafiti wa kumaliza shahada ana sababu ya kurudi inayoonekana kwa macho.

Ajenti akikupigia simu kwamba ataharakisha visa, kata. Huna unachohitaji kwake. TCU, tume ya vyuo vikuu, husajili mawakala wa vyuo vya nje, lakini hao ni kwa wanaokwenda kusoma shahada nzima. Wewe umepelekwa na chuo chako.

Sasa masomo. Uliandika kwamba unaogopa masomo yenyewe, na nadhani unaogopa Kiingereza chao au ugumu wa mada. Havitakusumbua sana hivyo. Kitakachokusumbua ni chumba cha semina. Watu 20, meza zimepangwa mraba, mwalimu anaingia bila slaidi hata moja, anakaa, anauliza: mmeionaje hoja ya mwandishi? Kimya kidogo. Kisha kijana mmoja anasema haikubali, na zaidi ya hapo anadhani hata mwalimu wiki iliyopita aliieleza vibaya. Mwalimu anaandika kitu kwenye daftari, anasema hebu endelea. Hakuna aliyekasirika. Binti wetu wa Dodoma ameisoma makala yote, tena mara mbili, ameipigia mistari ya rangi, na anajua pale kijana alipopotoka. Hasemi. Sisi tumelelewa kwamba mbele ya mwalimu unasubiri kuulizwa, na ukiulizwa unajibu kwa kipimo. Pale pale, wenzake wanahitimisha kwamba hajasoma.

Dawa yake ni ya kimakanika kabisa. Nenda na swali moja lililoandikwa, na ulitoe ndani ya dakika kumi za mwanzo za kipindi cha kwanza. Ukipita kipindi cha pili bila kusema, cha tatu mdomo unakuwa mzito zaidi, na kufika Desemba umeshakuwa "yule asiyeongea". Mada za kuwasilisha darasani chagua ya mwanzo mwanzo, usikimbilie ya Januari. Kipindi kikiisha watagonga meza kwa vifundo vya vidole. Usishtuke, hayo ndiyo makofi yao.

Halafu kule hakuna desa. Hakuna kitini kilichopita mikononi mwa wanafunzi wa miaka mitatu iliyopita, na maswali ya zamani hayatakuokoa. Insha inapimwa kwa hoja yako na namna ulivyotaja ulikochukua ya wengine. Aya moja iliyonakiliwa bila kutajwa inatosha kulifuta somo zima, na hapo ndipo ule wasiwasi wa mama wa kuchelewa kuhitimu unapotimia. Walimu wana saa maalumu za kuonana na wanafunzi, zimeandikwa kwenye tovuti ya idara. Weka miadi kwa barua pepe fupi, ya sentensi nne, isiyoanza na aya nzima ya kumjulia hali yeye na familia. Najua inaonekana kama ukavu. Ataifurahia.

Utaulizwa habari za kwenu kuliko unavyotarajia. Wewe unatoka Kondoa, na michoro ya miambani ya Kolo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Mtu atakuuliza, na ni aibu kidogo kumjibu kwamba hujawahi kufika. Kama hujafika, likizo hii panda, ukaione kwa macho, umsikilize na mzee wa pale akueleze matambiko. Ukiwa Berlin kwa mapumziko nenda Museum für Naturkunde ukasimame chini ya yule dinosaria mkubwa wa Tendaguru, mifupa yenye kimo cha zaidi ya meta 13 iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na kubebwa hadi bandarini kwa vichwa na mabega ya wapagazi wetu. Mjadala wa nani mwenye haki na vitu vya aina hiyo unaendelea sana kwenye vyuo vyao, na kwa mwanafunzi wa sosholojia hapo una la kusema ambalo wenzako wote 19 mezani hawana. Ningekuwa wewe ningeliandikia Hausarbeit.

Kusafiri, safiri. Visa yako itakuruhusu kuingia nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia visa ya pamoja, kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Lakini acha ule mtindo wa miji saba kwa siku tisa ili picha zitoshe. Utarudi na deni na mafua.

Baridi inazungumzwa kupita kiasi. Wewe unaijua Dodoma ya Julai, upepo ule wa usiku kule kwenye vilima vya chuo si wa mchezo, ongeza juu yake. Nunua viatu visivyopitisha maji, ndivyo vya kwanza, koti baadaye. Na kabla hujatumia yuro kwenye koti, pita mitumbani Sabasaba. Makoti mazito yanayoning'inia pale, ambayo hapa hayana mnunuzi, yalitoka hukohuko.

Kinachowaangusha watu ni giza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo jioni inapotea. Desemba, Berlin, jua linachomoza kama saa 2 na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Kwa swala maana yake adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa zisizofika nne, katikati ya vipindi. Tazama ratiba ya msikiti wa mji huo kabla ya kupanga masomo yako, na uulize kama chuo kina chumba cha utulivu, baadhi wanacho. Nyama halali si tatizo: maduka ya Waturuki yako karibu kila mji, na kwa sehemu nyingi ndiyo yenye mboga nzuri na bei nafuu. Unga wa mahindi utaupata kwenye maduka ya Waafrika. Ukikosa, tafuta polenta dukani, ni mahindi ya kusaga yenye chenga, inasongeka ukiivumilia. Mlenda kausha ubebe.

Novemba ndio mwezi wa kujihadhari. Wiki za kwanza zina sherehe za kuwakaribisha wageni, kila mtu ni rafiki. Kisha zinakwisha. Jirani wa korido mnapishana asubuhi anatazama ufunguo wake, na wewe umezoea kwamba mtu asiyesalimu ana jambo na wewe. Hana jambo. Usijifungie chumbani kupiga simu hosteli usiku kucha ukiishi Dodoma kwa WhatsApp. Jiunge na michezo ya chuo, ni rahisi kwa bei. Na kama chuo chako ni kama Bayreuth, Leipzig, Hamburg au Köln, kuna watu wanasoma Kiswahili. Nenda darasani kwao ukajitambulishe. Watakukimbilia wakupe Kijerumani uwape Kiswahili, na urafiki ulioanza kwa kazi hudumu kuliko wa sherehe.

Utakutana na ubaguzi? Inawezekana. Mara nyingi ni mambo madogo ya kuchosha: mkaguzi wa tiketi anayekuanza wewe, mtu anayetaka kushika nywele au kuuliza mtandio wako. Mara chache ni zaidi ya hapo. Weka namba 110 ya polisi na 112 ya dharura kwenye simu, na jambo likikupata lipeleke ofisi ya kimataifa ya chuo kwa maandishi, siku hiyohiyo.

Ukishapata chumba, nenda kajiandikishe makazi ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, wanaita Anmeldung. Baada ya hapo barua zitaanza kuja, za Kijerumani, za karatasi. Usizitupe. Moja itadai mchango wa redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi, kwa kila makazi, hata kama huna televisheni. Si utapeli. Mkiwa mnachangia nyumba analipa mmoja na wengine wanamchangia, na wewe unajibu ile barua kwa kutaja namba yake. Ukiipuuza inazaa faini.

Wenzako wanaosema usirudi, wasikilize kwa adabu halafu nikuambie hesabu yao ilivyo. Visa ikiisha na wewe upo, huna bima, huna kazi halali, huna shahada ya hapa wala ya kule, na ukikamatwa unaweza kuzuiwa kuingia Schengen kwa miaka. Chuo kilichokupokea nacho kitafikiri mara mbili kabla ya kuchukua mwingine kutoka Dodoma. Njia ya kurudi Ulaya kwa heshima ni fupi kuliko wanavyodhani: maliza shahada, omba ya uzamili. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada hata kwa wageni. Baden-Württemberg ndiyo inayojulikana kwa kutoza, yuro 1,500 kwa semista kwa wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya. Na barua ya mwalimu wa kule aliyekufundisha, yule uliyemuuliza swali dakika ya kumi, ina uzito kwenye maombi hayo.

Kwa mama, usimpe maneno ya kumtuliza, mpe majina. Mwandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: jina la mji, la bweni, la mratibu wa hapa na wa kule na namba zao, tarehe ya kwenda na ya kurudi. Vyuo vingi humpangia mgeni mwanafunzi mwenyeji wa kumpokea. Ukishajua ni nani, mpigieni kwa video mkiwa wote Kondoa, mama amwone uso. Mwambie pia kwamba wakati wa baridi kule wako nyuma yetu kwa saa mbili, ili asihangaike ukikosa kupokea baada ya isha, bado uko darasani. Na shangazi zako watakaotuma orodha ya simu na manukato, hao waachie mama mwenyewe.

Ukishakaa na mkuu wa idara, niandikie tena, uambatanishe masomo uliyopanga pande zote mbili, niyatazame kabla hujasaini.